Kamba ya Kiatu cha Kushoto

Jumatatu, 5 Mei

Ndege tena. Tangu alfajiri napiga debe shambani kuwafukuza. Mpunga umetoa masuke, na ndege wote wa Bugarama wamekubaliana kula kwetu. Sauti imekauka.

Tulitoka nyumbani pamoja na Papa. Kama kawaida hatukufika pamoja. Pale kwenye daraja la mfereji mkubwa akaninyooshea mkono: tangulia. Ndiyo desturi yake. Goti lake la kulia liliharibika jeshini, katika nchi ya mchanga mwingi. Zaidi ya hapo hatujui kitu, si mimi wala Mama. Hataki mtu amngoje. Ukipunguza mwendo anasimama kabisa, anajifanya anaangalia maji, mpaka uondoke. Natangulia. Lakini inanikera.

Ijumaa kinaanza kipindi cha televisheni cha "Kambi Ngumu", shindano la kijeshi nililoshiriki. Kilirekodiwa Machi, wakati wa mvua. Mwisho wangu naujua. Hapa nyumbani hakuna mwingine anayeujua. Nimeapa na kuweka sahihi kwamba sitamwambia mtu yeyote mpaka shindano lote liishe kuonyeshwa. Daftari si mtu.

Ijumaa, 9 Mei

Kantini ya Papa Dido ilijaa mpaka mlangoni. Yeye ni mtu wa Uvira, ana televisheni kubwa kuliko zote mtaani, na chai yake ni maji ya moto yaliyowahi kusikia habari za maziwa. Uso wangu ulipotokea watu walipiga kelele hadi watoto wakaamka. Mama alilia. Papa alikaa mbele kabisa, mgongo wima, mikono juu ya magoti.

Nilidhani ataona fahari na kunyamaza. Wapi! Alikosoa kila kitu. Kapteni wa kipindi alianza na kelele, akaendelea na kelele, miwani nyeusi usoni na mvua inanyesha.

"Huyu mutu hajavaaka buti hata siku moja," Papa akasema. "Kelele yote anamaliza asubuhi. Mangaribi sauti atatoa wapi?"

Kisha akatazama miguu. Mzee huyu haangalii nyuso za watu, anaangalia miguu. Kamba za viatu vya wenzangu zilikuwa zinaning'inia. Za kwangu zimefungwa fundo mara mbili na ncha zimefichwa ndani, kama alivyonifundisha nikiwa shule ya msingi. "Kamba ya mutoto wangu tu njo iko muzuri." Njo kwetu ni ndiyo. Akageuka kuhakikisha kila mtu amesikia.

Papa hakukosea kuhusu Kapteni. Yule ni mwalimu wa mazoezi ya viungo. Kamera ikizimwa alikuwa ananong'ona, "Pole, dada." Na wale maadui wa kuigiza waliotuvamia kwenye moshi ni madereva wa pikipiki wa Kamembe. Wakati wa mapumziko walituuliza kama tunafahamiana na wasanii. Kwenye tope lile tulitambaa tena upya kwa sababu kioo cha kamera kilikuwa na ukungu.

Lakini mvua ya kambini Nyakarenzo ilikuwa mvua kweli. Malengelenge yalikuwa malengelenge. Njaa pia. Sisi tulipewa maharage vijiko vichache, watu wa kamera wanachoma brosheti za nyama upande unakotoka upepo. Hilo halikuonyeshwa.

Jumamosi, 10 Mei

Sokoni wananiita Afande Mudogo. Naona raha. Naona hofu. Muuza nyanya kaniongezea mbili. Nimezila.

Ijumaa, 16 Mei

Leo wamemwonyesha sana Espérance. Familia yake ni ya Bukavu, wanauza vitenge Kamembe. Kambini tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Sikumpenda. Anasali kwa sauti, anakoroma kwa sauti zaidi, na blanketi langu lilipanda kwake bila kuniaga. Kwenye televisheni wametuweka tunakumbatiana na muziki chini yake. Nilicheka mpaka Mama akanifinya.

Kisha ikafika sehemu ya kura. Kila wiki kikosi kinampigia kura mmoja aende nyumbani. Leo aliondoka fundi cherehani mmoja mpole ambaye alikuwa wa mwisho kwenye kila mbio. Kantini nzima ikashangilia. Papa hakushangilia.

"Banamufukuza yulu amechoka?" akauliza. Yulu kwetu ni kwa sababu. "Sasa muzigo yake nani atabeba?"

Chai yake ilibaki mezani imejaa. Sijui kwa nini, katika uongo wote wa kipindi kile, huo ndio uliomuuma.

Jumanne, 20 Mei

Espérance kanipigia simu. Mguu umepona, jana alivaa viatu vya kisigino kwenda kanisani kufanya mazoezi ya kwaya. Anaogopa. Wataonyesha nini Ijumaa ya tarehe thelathini? Hajui. Mimi pia sijui. Hatujaiona.

Basi niandike ilivyokuwa, kabla wao hawajanionyesha ilivyokuwa.

Ilikuwa safari ndefu ya kupanda na mabegi, tumalizie juu ya kilima cha Mibirizi. Njia za miguu, udongo mwekundu, mvua. Sheria: ukiumia unainua kitambaa chekundu, gari linakuja kukuchukua, wengine wanaendelea. Anayesimama ametoka shindanoni. Espérance alianguka kwenye mteremko, kifundo cha mguu kikavimba pale pale. Akainua kitambaa. Gari halikuja, lilikuwa limekwama kwenye tope chini huko. Watu wa kamera walichukua picha akianguka, kisha wakawakimbilia wale wa mbele kwenye kona ya mikaratusi. Wenzetu wakapita. Mimi nilikuwa wa tatu, nina nguvu bado. Nikapita pia.

Nikatembea hadi kwenye kona hiyo. Halafu nikarudi.

Nilimfunga mguu na kijiti cha mkaratusi na kamba ya buti langu la kushoto. Buti nikalikaza kwa kipande cha kitenge changu cha kichwani. Nikabeba mabegi mawili, yeye akaniegemea, tukashuka mpaka barabarani, kwenye lile gari. Nilimtukana njia nzima. Nilimtukana yeye, blanketi, kukoroma kwake na kwaya yake. Barabarani Kapteni alinisubiri na kamera mpya, nikavua kitambaa changu cha mkononi, alama ya kuwa shindanoni, nikampa.

Kinachonisumbua ni hiki. Sijui kama nilirudi kwa ajili yake. Huenda nilikuwa nimechoka na nikapata sababu nzuri. Mtu mwema hatukani hivyo.

Ijumaa, 23 Mei

Leo nilikuwa shujaa. Nimevuka mto kwa kamba, wa kwanza. Hata mimi nilijishangaa. Kantini ikaimba jina langu, "Zaina! Zaina!" Papa akasimama, goti na yote, akatangaza kwamba Ijumaa ijayo chai ya kila mtu ni juu yake, mtaa mzima uje. Papa Dido akapiga makofi kuliko wote.

Ijumaa ijayo. Kati ya Ijumaa zote.

Jumatano, 28 Mei

Nilikaribia kumwambia Papa. Alikuwa kibarazani anapaka viatu vyake rangi kwa ajili ya Ijumaa. Viatu vya kwenda kuangalia televisheni! Nikaketi. Nikafungua mdomo. Nikasema jua leo ni kali.

Sijazoea kuona Papa akifurahi hivi. Miaka yote ni mtu wa kukaa pembeni. Wiki hizi anasimama barabarani anaongea na watu. Mama anasema ameanza hata kumtania. Na mimi ndiye nitakayelivunja hilo, mbele ya mtaa aliouita mwenyewe. Jumamosi yake ni umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Hakuna pa kujificha. Tutakuwa wote kwenye mfereji na majembe.

Naogopa. Simwogopi Kapteni. Namwogopa Papa akinitazama kisha akatazama chini.

Ijumaa, 30 Mei

Wamekata kila kitu.

Espérance walimwonyesha anaanguka, kisha wakamwonyesha ndani ya gari, anafuta machozi. Mimi wakanionyesha kona ya mikaratusi, nasimama, nageuka. Muziki wa huzuni. Halafu barabarani, peke yangu, navua kitambaa. Kamera ilinizunguka kuanzia kichwani mpaka miguuni, polepole. Kapteni akaangalia kamera akasema wapo watu wa kumaliza na wapo watu wa kurudi nyuma.

Ni hivyo tu. Mteremko wote haupo. Espérance begani kwangu hayupo.

Vikombe vya chai ya Papa vikawa mikononi mwa watu, hakuna anayejua kama anywe. Kuna mtu nyuma akacheka kidogo. Mama akanishika mkono. Papa akainuka, akaenda kumnong'oneza Papa Dido, wakaingia wote chumba cha nyuma. Hakunitazama.

Nikarudi nyumbani na Mama. Papa amekuja baadaye, akaenda kulala. Nimeumia. Nimekasirika pia, sijui nani wa kumkasirikia. Nilisema hiki kipindi ni cha uongo na nikacheka. Sasa uongo wenyewe una uso wangu.

Jumamosi, 31 Mei

Niandike polepole, nisiharibu.

Tulikuwa kwenye mfereji mkubwa tunatoa matope. Mtaa mzima. Nimejiweka mwisho wa mstari, kichwa chini. Hamisi wa kiwanda cha saruji, ambaye hajawahi kuacha kitu kipite bila utani, akapaza sauti: "Afande Mudogo! Usirudi nyuma, mufereji haijaisha!" Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Nikacheka pia, macho yanawaka.

Papa akachomeka jembe lake kwenye tope, akaliegemea.

"Hamisi, weye uliangalia uso," akasema. "Miye naangaliaka miguu. Jana nilimuomba Papa Dido anirudishie ile kipande ku telefone yake, mara na mara. Buti ya kushoto haina kamba. Imefungwa na kitenge."

Majembe yakasimama.

"Kamba ya huyu mutoto haifungukake. Miye njo nilimufundisha. Na kwa njia, mutu hatoaka kamba ya buti yake bure. Anaitoa kama kuna muguu ya kufunga." Kisha akanigeukia. Alinitazama mimi, hakutazama chini. "Zaina, usinijibu. Uliapa, na kiapo ni kiapo. Kama niko nasema bongo, weka jembe chini. Kama niko nasema kweli, endelea kulima."

Nikalima. Sijawahi kulima hivyo. Tope liliruka mpaka likampata jirani yetu Maman Furaha kwenye shavu, na hakulalamika. Sikutamka neno hata moja. Kiapo kiko salama.

Hamisi akavua kofia yake. Papa angeweza kuishia hapo. Lakini hakuishia hapo, akapiga lile goti lake kwa kiganja.

"Hii goti, niliangukaka nayo mbali na kambi, mu muchanga. Batu babili banibeba. Hakuna mwenye alipiga kura. Kikosi yote ilitembea mwendo yetu. Kwa jeshi mutu ya nyuma njo anapima mwendo, si ya mbele." Akacheka, kicheko ambacho sikukijua. "Na mumoja wabo alinitukana njia nzima! Alitukana miye, na mama yangu, na uzito yangu. Mpaka leo ni rafiki yangu."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikashindwa. Nililia pale kwenye mfereji, mchana kweupe, mbele ya umuganda wote, na jembe bado linakwenda. Hakujua alichonipa. Hajasoma daftari hili wala hatalisoma. Alikuwa anasimulia habari za goti lake tu.

Mama alisikia naye. Miaka yote hiyo ya ndoa, anasema, na amejua habari za goti akiwa na tope mpaka kiunoni. Amekasirika kidogo. Amefurahi zaidi. Jioni alipika wali na samaki, vile vipande vizuri akampa Papa, akamwambia mengine atayasimulia kwa awamu.

Jumapili, 1 Juni

Espérance kapiga. Kwao wamelia, wamekasirika, sasa kaka zake wanataka kumwandikia barua Kapteni. Nimemwambia awaache, Kapteni ni mtu wa "pole, dada", si yeye anayekata picha. Atakuja Bugarama shindano likiisha. Analeta kitenge cha kichwa badala ya kile nilichochana. Nimemwambia aje na blanketi lake mwenyewe.

Jumatatu, 2 Juni

Ndege tena.

Tulitoka na Papa asubuhi, ukungu bado uko juu ya mpunga. Tulipofika daraja la mfereji nikangoja mkono wake. Hakuunyoosha. Alihamisha jembe bega la pili, akaendelea kutembea, kwa mwendo wake ule wa kuvuta. Nikapunguza wangu. Hakusimama. Hakuangalia maji.

Alinionyesha sehemu ya mfereji tuliyoisafisha Jumamosi, maji yanapita vizuri. Akauliza kama Espérance anakula samaki. Nikasema anakula kila kitu.

Tulichelewa. Ndege walikuwa wameshamaliza kona nzima ya shamba. Papa akatukana ndege, akanipa debe.