Sukari ya Adriano

Jumanne, 4 Januari 2022. Muyinga.

Majibu yametoka. Nina korona. Mimi niliyechanjwa mwezi wa kumi na moja! Muuguzi kasema ndiyo maana unakohoa tu, mama, bila hiyo chanjo ungekuwa umelala. Nikae ndani siku saba. Aliyeniletea namjua: mume wangu, alipokuja Noeli. Karudi Gitega kazini na kikohozi chake. Nimempigia akapime. Eti ni vumbi la saruji, dukani kwa mzee Nurmohamed.

Vumbi!

Alhamisi, 6 Januari.

Adriano kalazwa Gitega. Dada yake Josefina ndiye anayemuuguza, na simu anayo yeye. Anapiga kelele kama mimi kiziwi: "Mama Vumilia, ndugu yangu iko nahema vibaya! Wamemuweka oksijeni. Muganga aliuliza iko na ugonjwa gani, mi nikasema iko na sukari."

Nikamwambia asante dada. Ningesema nini? Sukari ni neno letu sisi wawili, mwaka wa sita huu. VVU hatutamki hata chumbani. "Umekunywa ya sukari?" — ndivyo tunavyoulizana kila jioni, mtoto akiwa palepale. Lebo za makopo ya dawa tunazibandua. Wifi yangu, masikini, aliposikia kaka ana sukari, akaanza kumpikia chai isiyotiwa kitu. Adriano, apendaye utamu vile, anainywa, anakunja uso, anasema asante dada. Nilikuwa nikicheka mpaka machozi.

Leo sicheki.

Ijumaa, 7 Januari.

Mzee Nurmohamed kapiga mwenyewe, kunipa pole. Ana utu. Katika kuongea akaropoka, akidhani najua. Kumbe aliwapeleka wafanyakazi wote kuchanjwa, kwa gari lake. Adriano akamwambia muuguzi ana sukari. Muuguzi akafurahi: wenye sukari ndio tunaowatafuta, lete kidole tupime kwanza. Adriano akaomba kwenda chooni. Hakurudi!

Na mimi aliniambia kachanjwa. Hata bega alishika, akalalamika, nikamkanda kwa maji ya moto. Nilikanda bega lisiloguswa na sindano! Mshenzi. Aliogopa tone la damu litamuumbua kwamba hana sukari. Korona hakuiogopa. Virusi ni vilevile, vidonge ni vilevile, mimi nakohoa naosha vyombo, yeye anapumulia mpira. Nimelia kwa hasira. Na kwa hofu, basi niandike: naogopa sana.

Jumapili, 9 Januari.

Wamempima sukari mara tatu. Haipo. Muganga kamuuliza Josefina mara ya pili, ana ugonjwa gani mwingine? Josefina kakasirika, anaona anaitwa mwongo. Akatoa kopo kuonyesha. Halina lebo. Muganga kakataza: dawa isiyo na jina asipewe. Kwa hiyo tangu Alhamisi hajameza, na kopo liko kwenye mkoba wa Josefina.

Nikamwambia, dada, nipe muganga niongee naye. Akakataa: "Oya, we niambie mi, mi nitamwambia." Nikaomba basi niongee na mume wangu. Akamwekea simu sikioni. Nilisikia pumzi tu, halafu: "Usiseme. Uliapa."

Pumzi yote aliyobaki nayo kaitumia kwa hilo!

Ndiyo, niliapa. Kwa kichwa cha Vumilia. Kwa sababu tuliporudi kutoka Tanzania ndugu zake walinong'ona juu yangu, mwanamke aliyekulia kambi ya wakimbizi, nani ajuaye katoka na nini. Nami nilikuwa mzima! Yeye ndiye aliyenipa. Vipimo vyake vina tarehe ya kabla sijamjua. Nikamsamehe, nikabeba na siri juu. Hakuna aliyeniuliza kama ni nzito.

Jumatatu, 10 Januari.

Asubuhi. Hospitali nimepiga mara nane, hawapokei. Siku zangu saba zinaisha kesho. Kesho ni mbali.

Nimempigia Josefina. Nikamwambia toka nje, simama peke yako. Katoka. Nikasema: dada, Adriano hana sukari, hajawahi kuwa nayo. Ana virusi vya UKIMWI. Lile kopo ndilo linalomshikilia. Mwambie muganga sasa hivi.

Nilisikia mtu akifagia.

Kisha kauliza polepole, bila kelele zake: "Na we?"

Nikasema, na mimi.

"Ni we ulimpatia."

Nikasema hapana. Kakata.

Nimepiga mara sita. Simu imezimwa. Muganga anapita wodini saa tano. Sasa saa nne na nusu. Josefina atamwambia? Au atakaa pale na mkoba wake mapajani, aseme hajui kitu, asiaibishe ukoo? Namjua. Anampenda kaka yake kuliko chochote, ila macho ya watu anayaogopa zaidi. Kama kaka mtu!

Nimebakiza namba moja tu ya mtu wa Gitega anayeweza kufika pale kwa gari dakika kumi. Akijua yeye, duka zima litajua, Adriano akipona hatarudi pale. Huenda wala kwangu hatarudi.

Wacha wajue. Achukie akiwa hai.

Mzee Nurmohamed. Inaita —