Chapo Hakufika Airport

Bakhita, uko?

Unamjua Kagiri, yule agent wa kunisafirishia paka yangu Chapo tuende naye Doha? Asubuhi amekuja akambeba. Baadaye ananipigia, "Maggie, paka yako iko airport, imetulia kabisa."

Imetulia? Chapo? Huyu wangu hulia hata nikifunga mlango!

Halafu nyuma yake nasikia mwanamke anasema, "Mama, inama nikuoshe nywele." Airport gani wanaosha watu nywele?

Nikakumbuka bibi ya Kagiri ako na salon Kawangware, pale stage ya 56. Nikaruka boda mbio.

Nimefika mlangoni nikaita tu, "Chapo!" Akatoka chini ya kiti akanirukia. Ako na ribbon shingoni, Bakhita. Ribbon!

Bibi ya Kagiri akaniangalia hivi. "Lakini Kagiri ameniambia ni zawadi yangu."

Zawadi! Paka yangu! Hata yeye ameanza kulia, sijui kama ni ukweli ama wanacheza pamoja.

Nimerudi na Chapo nyumbani, amelala kwa mapaja yangu. Kagiri amezima simu.

Sasa niambie, na tiketi yangu ya Doha, ni ya ukweli? Si ni yeye alinikatia?