Meza Mbili, Mashine Moja

Jumamosi, 8 Machi

Duka nimefunga saa nane na nusu. Nimefuta kioo, nimewasha mashine, nimeunganisha televisheni. Saa tisa kamili meza ya hapa Mbinga imetimia, watu watano. Wa Lipingo, kule ziwani, wakaingia mtandaoni saa tisa na dakika kumi na saba. Wanne, wamebanana kwenye kishikwambi kimoja cha Nesi Tumaini.

Mchezo bado uko kwenye mapango yaleyale ya wiki iliyopita. Ramani ya miraba, kete tisa, kila mtu na mhusika wake, dadu zinarushwa kwenye skrini. Lipingo walikatika mara sita. Mara ya sita Mwalimu Gaspa, ambaye ndiye msimuliaji wa mchezo, akavua miwani.

"Mama Steshenari, tuseme ukweli. Hawa wa ziwani wanatuchosha. Jumamosi mbili zaidi, basi. Kompyuta moja, meza moja."

Nikamwambia kompyuta ni yangu. Akacheka. "Ndiyo, mama, na tunashukuru unatuwashia."

Unatuwashia. Ramani zote kumi na moja nimechora mimi.

Jumapili, 9 Machi

Misa ya kwanza. Mahubiri sikuyasikia, nilikuwa napiga hesabu.

Zamu ya mtu wa hapa, dakika moja na nusu. Zamu ya mtu wa Lipingo, dakika nne, tena siku mtandao una huruma. Watano wa hapa, dakika saba na nusu. Wanne wa kule, kumi na sita. Mzunguko mmoja ni dakika ishirini na tatu na nusu. Kwa saa tatu haifiki hata mizunguko minane. Mwalimu ana haki ya kuchoka. Hilo naliandika hapa. Yeye simwambii.

Lakini anayefukuzwa huko Lipingo ni kaka yangu Osmundi. Mwaka juzi alianguka akipaua darasa, mguu haukurudi. Siku sita za wiki wifi anambembeleza aoge. Jumamosi anaoga mwenyewe, anavaa shati la vifungo, anaomba apelekwe sebuleni, anakuwa Bibi Pilipili, mganga wa jino moja. Mwanaume wa kilo tisini anabana sauti mpaka majirani wanakuja dirishani. Wakimwondoa hapo, hana Jumamosi tena.

Kuhamisha siku haiwezekani. Kishikwambi ni cha Nesi, na Nesi ana nafasi Jumamosi alasiri tu. Mashine yangu siku nyingine inachapa barua za watu.

Basi meza mbili. Saa ileile, mashine ileile. Hapa asimulie Mwalimu. Lipingo nitasimulia mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Memori ya mashine, gigabaiti nane. Mfumo wenyewe unakula tatu. Nakala moja ya programu ya meza, moja na robo. Mbili, mbili na nusu. Jumla tano na nusu. Nafasi ipo na inabaki.

Mwalimu alisema haiwezekani bila hata kushika kalamu. Mtu wa digrii. Mimi niliishia kidato cha pili. Mashine hii niliipata kwa kupandisha usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Lipingo mpaka soko la Mbinga, ndoo kichwani, miaka minne.

Jumanne, 11 Machi

Nimenakili programu nzima kwenye folda ya pili. Nikafungua. Ikagoma, eti mlango unatumika. Kumbe kila nakala inapokea wachezaji kwa namba ya mlango, na zote mbili ziling'ang'ania 8080. Ya pili nikaipa 8081. Ikafunguka.

Nesi alikuwa kwenye chai. Akaingia kwa 8081, akamsogeza Bibi Pilipili miraba mitatu. Ikakubali.

Leo nimekula ugali wa watu wawili.

Jumamosi, 15 Machi

Aibu.

Tulianza vizuri. Mwalimu na wake kwenye televisheni. Mimi pembeni, kwenye kioo cha mashine, na simu sikioni. Lipingo wana dakika nne zao, hakuna wa kuwagunia. Kaka alikuwa anabishana na mamba, anamdai njia.

Saa kumi na nusu Mwalimu akaona kete za Lipingo bado zimo kwenye ramani yake. Akasema zinamchafulia. Akazifuta zote nne. Kwenye meza yake. Na kwangu zikapotea, moja moja, Bibi Pilipili wa mwisho. Nikafunga, nikafungua. Hakuna mtu. Wahusika wote wanne wameondoka na kila kitu chao. Miezi mitatu. Flashi ya akiba niliijaza Novemba, kabla hawajaanza kucheza.

Sielewi. Nakala mbili, milango miwili. Imefutikaje kule?

Kaka kwenye simu: "Veni, nimekufa?"

Nikasema asubiri kidogo.

"We niambie tu kama nimekufa, nijue moja."

Akakata.

Mwalimu alikunja miwani yake taratibu. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 16 Machi

Kaka hapokei simu. Wifi anasema amegeukia ukuta tangu jana. Kosa ni langu, si la mtandao.

Jumanne, 18 Machi

Nilikuwa Maguu, kwenye ngokela, kilimo cha kusaidiana, kwa Mama Kandida. Anacheza mwizi kwenye meza ya hapa, na anaufaa wizi. Nilishaahidi kwenda, nikafunga duka.

Shamba lake limesimama kama ukuta. Makundi mawili: ukoo wake juu, wanajumuiya wenzake chini. Ngoro, kilimo chetu cha mashimo, haina haraka. Nyasi zinalazwa kwanza, miraba miraba, ndipo udongo wa katikati unachimbwa na kufunika nyasi. Mstari wa nyasi ukikosea, shimo nalo limekosea.

Rundo la nyasi lilikuwa moja, katikati. Wa juu wakachukua, wa chini wakachukua. Zilipopungua, wa chini wakaona nyasi nyingine zimelala karibu yao, wakazizoa. Kumbe ndiyo mistari ya wa juu.

Mama Kandida akashika kiuno. "Nyie mnanilimia au mnanifumulia? Kila kundi na rundo lake! Shemeji, rudisha hizo."

Shemeji akasema yeye ameona nyasi tu, hazijaandikwa jina la mtu. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Mimi nilibaki nimesimama na jembe.

Programu niliinakili, ndiyo. Lakini ramani na kete zinakaa kwenye ghala lao, folda nyingine kabisa, na nakala zote mbili zilikuwa zinachota humo. Milango miwili, rundo moja. Siku ya majaribio sikuona kwa sababu aliyecheza alikuwa mmoja.

Hata hivyo sikukimbilia nyumbani. Nimechimba hadi mwisho, mashimo kumi na tisa. Viganja vimechubuka.

Jumatano, 19 Machi

Ghala la pili tayari. Nakala ya 8081 nimeiandikia ichote huko na si kwingine. Nimejaribu mara kumi: nafuta kete huku, natazama kule. Mara kumi kule imebaki.

Kisha kumfufua Bibi Pilipili. Mwalimu alikuwa ananicheka kwa kaunta buku langu, kila dadu iliyorushwa tangu Desemba naiandika. Siiamini mashine, hata yangu. Kurasa sitini na mbili. Napitia mstari kwa mstari, wahusika wote wanne. Jino la pili kaka alilipoteza tarehe 1 Februari, kwa kurusha mbili. Nimefika ukurasa wa arobaini.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemaliza. Nimemtumia kaka: "Hujafa. Uhai 31, dawa 14, jino 1. Jumamosi saa tisa."

Ameusoma. Hajajibu.

Ijumaa, 21 Machi

Njia ya Msalaba, halafu dukani. Maghala yote mawili nimeyanakili kwenye flashi. Flashi mbili. Moja droo, moja mfukoni.



Jumamosi, 22 Machi

Mvua tangu asubuhi. Mwalimu alifika wa kwanza, mwavuli unachuruzika. Nikamwonyesha vioo viwili. Nikamwambia afute kete yoyote anayotaka. Akafuta ya kwake mwenyewe. Akainama akatazama upande wangu kwa muda mrefu. Mabadiliko hakuna. Akauliza nimefanyaje, nikamweleza ghala na mlango. Akaandika namba kiganjani.

"Hapa nilikosea, Mama Veneranda."

Jina langu kumbe analijua.

Lipingo waliingia saa tisa na ishirini. Watatu. Nikaanza nao, sikuuliza. Bibi Pilipili alisimama kwenye mraba wake mbele ya mamba, hakuna wa kumsogeza. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Saa kumi na dakika tano nikasikia kiti kinaburutwa, halafu kikohozi cha kizee.

"Nani kakalia nafasi yangu?"

Wifi anasema alikuwa anaoga.

Meza ya Mbinga nimeizima saa kumi na mbili kasoro. Watu wameondoka. Mvua imepungua. 8081 bado iko wazi, kaka anahesabu dawa zake kwa sauti. Amepata kumi na tatu. Nimemwambia ahesabu tena.