Maua ya Njiwa Juu ya Kaburi Lako

Mama Deo,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na nataka ulijue hilo kabla hujasoma zaidi. Nimekaa kwenye kile kiti chako cha mlango wa jiko. Karatasi hizi nimezichana nyuma ya daftari la jumuiya, lile ulilokuwa ukiandikia majina ya waliofika kusali rozari. Ungekuwepo ungenipokonya. Ungeniambia daftari la jumuiya si la kuandikia ugomvi. Basi njoo unipokonye.

Wageni wa Krismasi wameondoka jana. Deo wetu amerudi Dar na wanawe, gari limejaa ndizi na maparachichi kama kila mwaka, ila safari hii hakuondoka akicheka. Nitakueleza. Lakini nianze na wewe, maana wewe ndiye wa kwanza kunikasirisha.

Tumbo tu. Ndivyo ulivyokuwa unasema. Krismasi ile ya mwisho, tumbo tu. Januari huwezi tena kuinua ndoo ya maji, bado tumbo tu, na mimi kwa ujinga wangu nakuchemshia majani ya mpera. Tulipofika hospitali daktari alinitazama kama mtu aliyekuficha uvunguni. Wiki tatu, Mama Deo. Tumekaa miaka arobaini na sita kwenye kihamba hiki, shamba la ukoo wangu, halafu unanipa wiki tatu za kuagana, na hizo zenyewe unazimaliza kwa kuniuliza kama ng'ombe amekunywa maji. Alikunywa. Mimi ndiye niliyekuwa sijui ninywe nini.

Wazee wa ukoo walitaka tukuzike kule chini migombani, walikolala baba na mama yangu. Nikakataa. Nilisimama mbele ya watu nikasema mke wangu atalala kwenye bustani yake, mbele ya nyumba, katikati ya maua yake ya njiwa. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali, akina mama wakalia, na mimi katika msiba ule ule nikajiona mume wa maana. Ulikuwa unasema napenda kusifiwa. Haya, nilisifiwa.

Vijana wa jirani walipoanza kuchimba kaburi ndipo nilipoona kwamba ili ulale katikati ya maua, lazima maua yaondoke. Nikawaambia wayang'oe taratibu na mizizi yake, wayapande kando ya ukuta wa jiko. Walijitahidi, siwezi kuwalaumu. Siku ya tatu, tunaanua matanga, yote yalikuwa yamelala chini kama mboga iliyoachwa juani.

Mdogo wako Yasinta akayaona. Unamjua Yasinta, mdomo wake haungoji mtu akae. Mbele ya wageni, nikiwa na sahani mkononi, akasema, "Shemeji, haya hayahamishwi. Mzizi wake unashuka chini kama karoti, ukikatika basi. Ina maana miaka yote dada hakukuambia?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama anajua sana maua angekuja kumuuguza dada yake. Ulikuwa uongo, alikuja mara mbili kila wiki kwa miguu. Akaweka kikombe chini, akafunga khanga yake, akaondoka bila kumaliza chai. Hakukanyaga hapa tena mpaka Desemba.

Kilichonichoma si alichokisema. Ni kwamba uliniambia. Nimekumbuka baadaye, nikiwa nakamua ng'ombe. Uliniambia kuhusu mzizi, ukaniambia mengine mengi, nami nilikuwa naitikia tu. Sista mzee wa pale misheni aliyekupa mbegu, ukiwa bado msichana wa kufua vitambaa vya altare, aliyaita kolambaini. Jina likakushinda, ukayaita ya njiwa, kwa sababu ukiligeuza ua lake juu chini unaona njiwa watano wameweka vichwa pamoja kama wanaokunywa kwenye bakuli moja. Ulinigeuzia maua mangapi? Kila mara nasema naona, naona, huku natazama mibuni yangu. Sikuwahi kuwaona hao njiwa. Nilikuwa nakuridhisha.

Na unakumbuka ule mwaka wa ng'ombe mwekundu. Nyasi zilikuwa zimeadimika, nikachukua mundu nikafyeka ukingo wote wa uwanja, nikamtilia horini. Maua ya zambarau, meupe, yale ya pinki yaliyojitokea yenyewe bila wewe kuyapanda, yote. Hata ng'ombe aliyanusa akayaacha. Siku mbili ulinipikia, ukanimiminia maji ya kunawa, na hukusema neno. Siku ya tatu nikakuuliza unataka nini. Ukasema, "Isale."

Nilicheka mpaka majirani wakasikia. Isale! Jani ambalo mtu hulipeleka akiwa amehamisha mpaka wa jirani, au amemuumizia mtu mtoto wake, akasimama nalo mlangoni kuomba msamaha, na kwetu hakuna anayeweza kumfukuza. Mimi nikate isale, nimletee mke wangu, kwa ajili ya majani! Hukubishana. Ulichukua ndoo ya maziwa ukasema tu, "Ipo siku utaileta, Baba Deo."

Sasa nikueleze ya mwaka huu, ucheke ukipenda.

Baada ya mazishi Deo alianza wimbo wa marumaru. Kila akipiga simu ni marumaru. Kwamba kaburi la mama yake haliwezi kubaki tuta la udongo, kwamba wenzake wote wamejengea wazazi wao, na uwanja mzima utamwagiwa zege ili magari yasiingie kwenye matope. "Mzee, Desemba watu watakuja hapa, wataonaje?" Nikamwambia watamwona mama yake amelala kwenye udongo aliokuwa anaulima. Nikamwambia makaburi ya siku hizi yanafanana na bafu, na mke wangu simlazi bafuni. Akakata simu. Nikampigia nikamwambia hajamaliza kusikia, nikarudia yote.

Si kwamba nilikuwa na hekima yoyote. Nilikuwa na jambo moja tu nililolikumbuka vizuri. Maua yale yakikauka hubakiza vikombe vidogo vyenye mbegu nyeusi, nawe ulikuwa ukipita unavitikisa sikioni kama kayamba, halafu unazimwaga hapo hapo chini. Ulikuwa unasema hayapandwi, yanajiotea yenyewe, ukiyaacha. Kwa hiyo nilijua mbegu zimo kwenye udongo ule uliokufunika. Nikasema nitangoja. Deo na zege lake wasubiri, mvua ije, mama yake atatoka na maua yake mwenyewe, na Yasinta atameza maneno yake.

Mvua ikaja. Nami kila asubuhi, nikishakamua, nilikuwa napiga magoti pale kwako napalilia. Kwa mikono, si kwa jembe. Unajua mimi na magugu, nimelima kahawa miaka hamsini na hakuna gugu linalonidanganya. Sikuacha unyasi hata mmoja. Padri alipopita alisema hajaona kaburi safi kama lile, na nikajisikia vizuri siku nzima.

Aprili hakuna ua. Mei hakuna. Julai baridi ikashuka, nikapalilia nimevaa lile koti lako la sufu, wala usinicheke. Hakuna kitu. Nikaanza kugombana na kila mtu. Niliwafukuza kuku wa jirani kwa mawe. Nilimgombeza aliyefungulia maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yakapita karibu mno. Nilikugombeza wewe, kwa sauti, mchana kweupe, na watu waliokuwa wakienda sokoni walinisikia. Nilikuambia umeninyima hata hili. Ulikuwa unayapa maua maji kabla hujanipa mimi chai, leo nayahitaji, nawe umelala kimya.

Oktoba nikachoka. Nilimpigia Deo nikamwambia, "Leta marumaru yako." Hakuamini. Aliuliza mara mbili kama ni mimi.

Siku mbili kabla ya Krismasi alifika na fundi, mifuko ya saruji, na maboksi ya marumaru nyeupe. Wakaanza kuchanganya mchanga pale uwanjani. Nami nikasema nikusafishe kwa mara ya mwisho kabla hawajakufunika. Nimepiga magoti, napalilia, nikasikia mtu anabisha hodi getini. Yasinta, na kibuyu cha pombe ya mbege mkononi. Alisema hawezi kumnunia shemeji mpaka Krismasi ipite. Nilitaka kumwonyesha ninavyokutunza, nikaendelea kung'oa mbele yake kwa madaha.

Akanishika mkono. Si kwa upole, alinibana kama mwizi. "Shemeji! Unang'oa nini?"

Nikafungua kiganja. Kilikuwa kigugu kama vingine vyote, kidogo, kijani cha kufifia kama cha moshi, vijani vitatu vitatu vya mviringo vinavyofanana na kotimiri. Nimevijua tangu Aprili. Vilikuwa visumbufu mno, unang'oa leo, wiki ijayo vimerudi.

Yasinta aliniachia mkono. Alikwenda nyuma ya jiko, kwenye lile rundo ninakotupa magugu, akachimbua kwa vidole. Vya juzi, vya wiki iliyopita, vya mwezi uliopita, vingine vimeshaoza. Akakaa chini na gauni lake safi, akashika kichwa. "Miezi yote hii," akasema, "miezi yote hii dada anatoka, na wewe unamng'oa."

Mama Deo, sijui niandike nini hapa. Nilikuwa nimekasirikia mvua. Nilikuwa nimewakasirikia kuku, mwanangu, mdogo wako, na wewe uliyelala. Nilitafuta mtu mwingine pale uwanjani wa kumkasirikia na hakuwepo. Nililia mbele ya fundi. Ulikuwa ukinijibu kila asubuhi, na mimi nakutupa nyuma ya jiko na kurudi kukulaumu kwamba hunijibu.

Nikamwambia fundi aache. Deo akasema saruji imeshaloweshwa, itaharibika. Nikamwambia akamwage zizini, ng'ombe ana sakafu mbovu. Akasema, "Baba, kwa sababu ya majani?"

Kwa sababu ya majani. Aliniuliza swali langu mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe, na uso wangu. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumwomba radhi. Sikufanya lolote kati ya hayo, na ndiyo maana jana hatukuagana vizuri. Alinipa mkono tu. Nitampigia nikimaliza barua hii, ingawa najua nitaanza kwa kumfokea. Zizi limepata sakafu, na maboksi ya marumaru yako nyuma ya jiko, kuku wanayalalia.

Yasinta amekagua kaburi lako lote kwa magoti. Imebaki miche minne, upande wa miguu, mahali ambapo mkono wangu ulikuwa haujafika siku ile. Minne. Ameizungushia vijiti na kunikataza kuigusa, anazungumza nami kama na mbuzi. Halafu, akiwa anakunywa mbege yake mwenyewe, akaniambia kwamba yanayotoka kwa mbegu hayachanui mwaka wa kwanza. Mpaka mwaka ujao. Nina miaka sabini na tatu, goti moja limekufa, napika mtori unaoungua, na wewe unaniambia ningoje mwaka mwingine. Hata ukiwa kaburini unanipangia kazi.

Nitangoja. Nimekasirika na nitangoja. Sitapalilia tena hapo, nyasi na ziote, padri aseme anavyotaka. Nitamwagilia kwa kopo, taratibu, asubuhi, kabla ya chai yangu. Na likichanua la kwanza nitapiga magoti nitaligeuza juu chini, nitawatafuta njiwa wako mpaka niwaone wote watano, na sitasema naona kama sijaona.

Leo asubuhi, nyumba ikiwa tupu na hakuna wa kunitazama, nilishuka kwenye mpaka wetu na wa jirani. Nimekata jani moja, refu, lisilo na doa. Nimelifunga fundo kama baba yangu alivyonifundisha. Fundo halikukaa vizuri, utanisamehe hilo nalo. Nimelilaza kwenye udongo upande wa kichwa chako, mbali na miche.

Lala salama, Mama Deo. Ng'ombe amekunywa. Ulisema ipo siku nitaileta isale, nami nikacheka. Nimeileta. Na unajua kwetu haikataliwi.

Mumeo,
Baba Deo