Mapipa Yaliyosimamishwa Wima

Nyumba za Reli,
Nsambya, Kampala.

Kwako mke wangu, mama Malemba,

Pokea salamu za mumeo, ambaye mwili wake ni mzima; mengine utayasoma mwenyewe. Kikohozi cha Malemba kimepungua? Na mama bado anaikataa dawa mpaka mchungaji aje kumwombea? Mwambie dawa na maombi havijawahi kugombana. Barua hii haikupita posta. Ameibeba binamu yangu Mwakio, huyu wa reli anayenipa malazi hapa, ndiyo maana nimeandika kila kitu. Ukimaliza kuisoma itie motoni, hata kama utaona uchungu.

Wakubwa wa hapa waliponiazima kutoka karakana ya ndege ya Nairobi walisema ni wiki tatu, na sasa naingia mwezi wa tatu. Ndege ya kunyunyizia pamba dawa ya wadudu ilianguka, rubani akafa, na mafundi wanaojua kuchunguza injini iliyozima wamekwisha kukimbia nchi hii. Rubani alikuwa Mteso, kijana mcheshi wa huko mashariki, wanasema. Ndege za dawa huruka chini mno, karibu kuigusa pamba yenyewe. Injini ikizima huko chini, mtu hapati hata nafasi ya kumwita Mungu.

Mabaki waliyaleta kwa lori mpaka kwenye banda moja chini ya kilima cha Kyambogo. Nikaifungua injini kipande kwa kipande. Plagi safi, pistoni safi, kila nati imekazwa inavyotakiwa. Mama Malemba, ni mara chache nimeona injini iliyotunzwa namna ile katika nchi isiyo na vipuri. Fundi aliyeitunza ni Muganda mmoja, baba wa mapacha, na kwa desturi yao kila mtu anamwita Ssalongo. Nilipofika alikuwa amekwisha kuwekwa ndani siku tisa, akishukiwa kuiharibu ndege. Walinipeleka kumhoji mara moja tu. Hakuniuliza habari ya kutoka. Aliniuliza, "Ssebo, bwana, zile varu umeziona? Nilizisugua na mkono yangu." Nikamwambia vali nimeziona, ziko sawa. Akafurahi, na mimi nikapata aibu kwa kuwa nimevaa viatu na yeye yuko peku.

Sababu niliipata kwenye chujio la petroli, lile lenye kikombe cha kioo. Unajua mafuta ya taa yakimwagika kwenye maji huelea juu. Petroli nayo ni hivyo hivyo, maji hukaa chini, na chini ndiko injini inakonyonya. Ndani ya kile kikombe kulikuwa na maji kimo cha kidole.

Nikaomba kuona petroli inakowekwa. Mapipa yako uwanjani, mvuani, yamesimamishwa wima kwa mistari iliyonyooka. Pipa la petroli hulazwa ubavu, hilo hata mwanafunzi wa mwezi mmoja analijua. Ukilisimamisha, mvua hufanya dimbwi juu ya kifuniko, na usiku pipa likipoa huyavuta maji ndani kidogo kidogo kupitia kizibo. Ssalongo alikuwa akiyalaza. Siku moja akaja mkubwa kukagua, na kapteni anayesimamia kituo akaona haya. Akaamuru mapipa yote yasimame. Askari wa zamu alinieleza bila kucheka: "Afande alisema pipa ya serikali hailali chini kama mulevi." Ngozi laini ya kuchujia petroli nayo ilikuwa imetoboka, na maduka yaliyokuwa yakiuza vitu hivyo yamefungwa tangu Wahindi wenyewe walipofukuzwa nchini.

Nilimtajia kapteni habari ya mapipa, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Akaniambia, "Pipa ni mambo ya jeshi. Wewe angalia injini tu." Jioni hiyo Mwakio akanieleza kwamba karani wa ghala aliwahi kuandika juu ya mapipa hayo, na tangu hapo mkewe anamtafuta.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa ndipo ninapolala nacho na kuamka nacho. Nilijiona mjanja. Nikasema nitaandika ukweli, lakini nusu. Nikaandika kwamba injini nimeichunguza yote, haina kasoro, na matunzo yake ni ya hali ya juu. Maji sikuyataja. Nilidhani nimemwokoa Ssalongo bila kumgusa kapteni, na mimi mwenyewe narudi kwako salama. Nilitia sahihi huku nikijisifu.

Kapteni alisoma mara mbili akitembeza kidole. Kisha akacheka, akanipa mkono. "Muzuri sana, fundi. Injini iko muzuri. Sasa kama iko muzuri, ilizima kwa nini? Ni mutu alizimisha. Na mwenye kuishika ni mutu moja tu." Nikasema, afande, kuna jambo nililisahau. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati. "Umesaini," akasema.

Siku ya tatu nilimpelekea Ssalongo sabuni. Mlinzi akanirudishia. "Huyo amesafiri," akaniambia. Huku hakuna asiyejua maana ya neno hilo, nami sikuuliza amesafiri kwenda wapi. Ni mimi niliyemuua, mke wangu. Usinitafutie neno jingine.

Na mkewe, Nnaalongo, yaani mama wa mapacha, hana habari. Anakaa Kansanga, na tangu aliposikia ninaichunguza ile injini amekuwa akiniletea chakula hapa, matoke na mchuzi wa karanga, chumvi yenyewe akiitafuta kwa shida. Jumanne alikuja, akapiga magoti sakafuni kama wanavyosalimu wanawake wa hapa, akasema, "Weebale, ssebo, asante. Wameniambia uliandika bwana yangu ni fundi muzuri. Sasa wanamutoa siku gani? Nataka nipike mingi." Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka, nikajisikia nikisema, "Ijumaa." Kisha nikala chakula chake mpaka sahani ikawa nyeupe, maana alikuwa ameketi akinitazama.

Pasi yangu ya kusafiria bado iko kwa kapteni. Anasema kuna ndege nyingine ilianguka, na anapenda ninavyoandika. Usiwaambie wazazi. Waambie kazi ni nyingi, jambo ambalo si uongo.

Nisalimie mama, na baba mkwe, mwambie ule mti wa mparachichi aukate tu. Nisalimie dada yako mshona nguo, na mwalimu jirani yetu anayewasomea watu barua, hii asiione. Mbusu Malemba kwenye paji la uso.

Nakomea hapa kwa sababu Mwakio anawahi treni, na kwa sababu leo ndiyo Ijumaa. Ninamwona Nnaalongo dirishani, anapanda kilima. Amevaa gomesi ya kanisani, lile gauni refu la wanawake wa hapa, sufuria iko kichwani, na safari hii amekuja na mapacha wake, wamepakwa mafuta wanang'aa, waje kumpokea baba yao.

Mimi mumeo,
Baba Malemba