Nimemwozesha Marehemu Binti Yangu kwenye Karatasi

Bi Fawziya mpendwa, mshauri wa sisi tulioshindikana, naomba msaada, na nakuomba usinicheke mpaka ufike mwisho, na ukifika mwisho utaona mwenyewe kama kicheko bado unacho.

Kwanza ujue anayekuandikia ni mtu wa elimu. Nimesoma Misri, chuo kikuu, miaka minne kamili, nikarudi Unguja nikasomesha, na hapa Ibra wakubwa kwa wadogo wananiita Mwalimu, hata muuza samaki anayetoka Sur huniambia, "Mwalimu, huyu kafa leo asubuhi," na mimi namwamini kama msomi anavyomwamini msomi mwenzake.

Haya, umesoma? Sasa lifute. Misri sijaiona hata kwenye ndoto. Nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne nilikaa miaka miwili bila ya kulimaliza, na kwenye skuli niliyofanya kazi Unguja nilikuwa tarishi, nikifagia, nikichukua barua, na nikigonga kengele, na kengele hiyo niligonga miaka ishirini na moja wala hakutoka mtoto wala mwalimu kabla sijagonga, kwa hivyo ukitazama vizuri mkubwa wa skuli nilikuwa mimi. Tulipokuja Oman mwaka wa sabini na nne hakuna aliyeniomba cheti. Waliniuliza nilikuwa nikifanya kazi wapi, nikasema skuli, na yaliyobaki wakayamalizia wao wenyewe.

Uongo huo ulikaa miaka kumi na moja haujamdhuru hata kuku, mpaka ulipofika kwa Nadhir.

Nadhir ni mtoto wa Abdullatif, fundi cherehani, Mpakistani wa Karachi, ambaye ukuta wa duka lake na nyumba yake ndio ukuta wa nyumba yangu. Alimleta mtoto huyu akiwa na miaka saba, na leo ana kumi na minane, kakulia barazani kwangu, Kiswahili changu chote kakichukua pamoja na matusi yake, na mimi ananiita Babu, si kwa adabu tu, ananiita kama mtu anayeita babu yake. Skuli hapa amekuwa wa kwanza kila mwaka. Wale aliokuwa akiwafundisha hesabu wamepelekwa nje na serikali wakasome, na ni haki yao, ni wana wa nchi, lakini yeye ni Mpakistani, na Mpakistani akitaka kusoma nje inabidi mfuko wa baba yake umsomeshe. Chuo kimoja Uingereza kikamkubali akasomee uhandisi wa maji, maana kakua anachezea mfereji wa falaj hapa nyuma, akitaka kujua maji yanatoka wapi na kwa nini hayachoki. Abdullatif akakaa chini akapiga hesabu ya ada kwa kipimo anachokijua, akaja akaniambia, "Mwalimu, mwaka mmoja ni kanzu elfu moja na mia nane. Ibra hii haina migongo mingi hivyo."

Ndipo mdomo wangu uliponitangulia. Nikamwambia, "Uingereza ya nini, bwana wee, na mimi nimesoma Misri? Wenzangu wote sasa ndio wakubwa wa vyuo huko. Nileteeni nakala za vyeti, mengine niachieni mimi." Mtoto akaenda Maskati kuzitoa nakala, akazitia kwenye bahasha, akanipa kwa mikono miwili.

Bi Fawziya, wenzangu wa Misri nitawatoa wapi? Bahasha ikalala chini ya godoro langu miezi miwili, na kila asubuhi Nadhir hupita na kuniuliza, "Shikamoo Babu, Misri wamejibu?" na mimi nikimjibu, "Marahaba, posta ya Misri inakuja kwa ngamia, mwanangu, na ngamia mwenyewe anachechemea." Alikuwa akicheka. Siku ya mwisho hakucheka, akasema tu, "Inshallah, Babu," na hiyo inshallah ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Wewe unajua sisi tuliorudi Oman kutoka bara na visiwani, kila mmoja alihitaji mtu wa kumshuhudia kuwa ni wa nani, na mimi nimewashuhudia watu wengi, wote kwa haki, kwa sababu kama kuna kitu kimoja nilichokisoma mpaka nikakimaliza ni nani kazaliwa na nani. Neno langu halijawahi kurudishwa. Basi nikasema moyoni, kama nimewashuhudia wote hao, huyu mmoja nimkose, naye asihesabiwe mwana wa nchi? Nikachukua teksi mpaka Nizwa, kwa kuwa waandishi wa barua wa hapa Ibra wananijua wote, nikakaa sokoni mbele ya mmoja aliyekuwa karibu na wauza tende, nikamwambia andika: kijana Nadhir ni mjukuu wangu, mama yake ni Mwomani. Akaniuliza, "Jina la mama?"

Ningeweza kusema jina lolote. Majina yote ya wanawake wa Unguja nimeyahifadhi. Nikasema Radhia.

Radhia ni binti yangu. Alikufa kwa homa mwaka wa hamsini na moja, ana miaka tisa, na kabla yake sikuwa na mtoto wala baada yake sikupata. Mwandishi akauliza kaolewa wapi, nikasema Karachi, na hapo angetosheka, lakini mimi sikutosheka, nikamwambia alivaa kijani, na mkufu alioazimwa na mama yake, na kwamba alikuwa na haya hata chakula cha harusi yake hakula. Yule bwana akaniambia, "Mzee, hayo hayaandikwi." Nikamwambia, "Yaandike, nakulipa kwa mstari." Nikatia sahihi, nikaipeleka karatasi pamoja na nakala za vyeti Maskati, kwenye ofisi ya serikali inayowapeleka vijana nje kusoma, nikarudi Ibra na halua ya Nizwa kwapani, furaha yangu kama ya mtu aliyetoka kuozesha.

Kumbe muda huo huo Abdullatif, ambaye hakunitegemea sana kama nilivyodhani, alikuwa keshakwenda kwa jumuiya moja ya Wapakistani Maskati, inayomsaidia mtoto mmoja wao kila mwaka akasome nje, na walikuwa wamekubali kumlipia Nadhir sehemu kubwa ya ada, na iliyobaki baba yake keshaikusanya, bangili za mama zikiwemo. Mambo yalikuwa yamekwisha, Bi Fawziya! Angeondoka Septemba bila ya mimi kunyanyua kidole! Badala yake ofisi ikamwita Abdullatif na pasi yake, ikamuuliza habari ya mkewe Radhia wa Kiomani, naye akasema mke wake ni Mpakistani na yuko nyumbani anapika dengu. Jina likakatwa. Habari zikafika kwa jumuiya, nao wakasema wao hawamsomeshi kijana anayeghushi karatasi na kuikana nchi yake, na wamempa mpaka mwisho wa Agosti, aje na aliyeandika karatasi ile, la sivyo nafasi anapewa mwengine.

Karatasi yenyewe ofisi haikumwonyesha mtu, wala haikutaja sahihi ni ya nani. Kwa hivyo kila mmoja anaamini kaiandika Nadhir. Baba yake hasemi naye ila kwa mambo ya kazi. Mama yake ndiye mbaya zaidi, anamwambia, "Nenda kwa huyo mama yako Radhia akupikie." Sauti yake inapita ukutani na mimi naisikia, na jina hilo sikulisikia likitajwa na mtu miaka mingi.

Akanijia mtoto wa watu, akakaa pale pale anapokaa siku zote, akasema, "Babu, wewe unawajua watu wote. Huyu Radhia ni nani?"

Nikasema simjui.

Binti yangu mwenyewe, nimesema simjui.

Anayejua ni mmoja tu, Marzouq, tuliyetoka naye Unguja, ambaye kwa miaka kumi na moja kahawa ya alasiri anainywa kwangu. Alilisikia jina dukani kwa fundi, akaja akasimama mlangoni, akaniambia, "Radhia nilimshusha kaburini kwa mikono yangu hii. Leo umemzalisha?" Na mimi, mdomo huu ukatwe, nikajaribu mzaha, nikamwambia, "Mbona unalalamika, hukuletewa halua?" Kikombe nilichompa akakiweka chini kimejaa, akasema, "Sema wewe kabla sijasema mimi," akaenda zake, na siku ya kumi na mbili leo hajarudi.

Sasa nifanye nini? Nikifungwa, nifungwe, nimeishi vya kutosha. Ibra ikijua kwamba Mwalimu ni mgonga kengele, watacheka wiki moja na mimi nitacheka nao. Lakini watanitaka niandike kwa mkono wangu kwamba Radhia hakuolewa, hakuzaa, alikufa ana miaka tisa, na nitie sahihi. Nilimzika mara moja, na mwaka mzima baada yake nilikuwa nikiigonga kengele bila ya kuisikia. Kumzika tena siwezi. Na nikinyamaza, Agosti itapita, na Nadhir sasa hivi yuko kwenye cherehani ya pili ya baba yake anashona vifungo, na anavishona vibaya, vinapishana na matundu, na baba yake anavifumua. Kila njia ninayoitazama imeziba.

Mwisho, usinione mroho. Mwaka jana nilipatia fumbo la jarida lenu, mkanitangaza mshindi wa kalamu ya wino, na kalamu hiyo mpaka leo sijaiona. Naidai. Nifanyie hisani uitafute ilipokwama, maana hii ninayokuandikia nimeazima kwa Nadhir, na nimemwambia nitamrudishia kabla ya adhuhuri.

Mimi,
Mgonga Kengele, Ibra.

JIBU LA BI FAWZIYA

Mgonga Kengele,

Nimekutumia jibu hili kwa mkono wa dereva wa teksi kabla ya kulichapa, kwa sababu Agosti haitungojei mimi wala wewe.

Habari ya Misri sikulaumu. Nusu ya wanaoniandikia wamesoma Misri hiyo hiyo. Lakini umemwacha kijana abebe kosa lako mbele ya mama yake mzazi, ukikaa upande wa pili wa ukuta ukisikiliza, kisha unanichekesha kwa ngamia anayechechemea. Nilicheka, ndiyo. Halafu nikaona haya kwamba nimecheka.

Pole kwa Radhia. Nasema pole kama mtu anayesema leo msibani, maana naona hujaambiwa vya kutosha. Ulipokwenda Nizwa hukuifuata ada, babu yangu, ulimfuata mjukuu, na mjukuu alikuwa akikuamkia kila asubuhi bila ya karatasi. Unasema huwezi kumzika binti yako mara ya pili. Umeshamzika, siku uliyosema humjui. Kinachotakiwa sasa ni umtaje.

Ukimaliza kusoma, vaa viatu uende kwa Marzouq. Usipeleke halua wala mzaha. Mwambie, "Twende," yeye atajua wapi. Kutoka hapo nendeni wawili nyumbani kwa Abdullatif, na wa kwanza kuambiwa ni yule mama, kabla ya mumewe: mwambie mwanawe hakumkana, aliyemkana mwanawe mwenyewe ni wewe. Akikufukuza, kaa mlangoni. Nadhir awepo asikie kwa masikio yake Radhia ni nani, na usimwambie habari za mkufu na nguo ya kijani isipokuwa akikuuliza mwenyewe.

Jumamosi ofisi zikifunguliwa, uwe Maskati na Abdullatif na Marzouq. Anzeni kwa ofisi ile, useme karatasi hii moja ni ya uongo, ni yako, kijana hakuijua. Marzouq ashuhudie mtoto alikufa lini. Wakikuuliza habari za wengine uliowashuhudia, usiogope, mashahidi waliosema kweli pamoja nawe bado wako hai na wanaweza kuulizwa. Mkipewa maandishi, nendeni nayo siku hiyo hiyo kwa jumuiya. Kama watakufunga sijui, wala sitakudanganya kwamba nafasi bado ipo, huenda wameshampa mwengine kimya kimya. Nenda hivyo hivyo. Uingereza ikimkosa mwaka huu, aandike mwenyewe, mapema, akiombe chuo kimwekee nafasi hadi mwakani, na baba yake azishone hizo kanzu anazoweza. Wewe usiandike neno. Mtoto bila ya chuo ataishi, huzuni yake itamkalia lakini ataishi. Mtoto ambaye mama yake haamini kuwa ni wake ataishije?

Kalamu yako ni deni letu, na kosa ni letu, imo ndani ya bahasha hii. Kazi yake ya kwanza iwe jina la binti yako, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Harusi usiiongeze.

Na ile ya Nadhir, ambayo sina shaka bado unayo, mrudishie leo hii, kwa mikono miwili. Umwambie umeandikia nini.