Nilimuunganisha Dada Yangu na Seneta

Mshauri mpendwa, nakusalimu katika jina la Bwana, na kabla sijafika mbali nakuomba ubadilishe majina yote, maana mji wetu hapa Nebraska una watu elfu mbili tu na wote hukusoma wewe kabla ya kusoma habari za mpira.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, shule niliishia sekondari, nahudumu jikoni kanisani kwetu, na huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi kwenye kituo cha simu, pale palipokuwa duka la viatu, tuko wanawake kumi na wanane na mzee mmoja mstaafu wa reli, kila mtu na kompyuta yake na kipaza sauti cha kichwani. Watu wakisikia kazi ya simu hudhani tunauza madirisha, lakini sisi hatuuzi kitu, sisi tunaunganisha wananchi na waheshimiwa wao. Inakuwa hivi, kompyuta inapiga yenyewe, jina la mtu linanitokea, namsomea maneno yaliyoandikwa kwenye skrini, akisema jambo hilo linamsumbua namuuliza kama angependa kumweleza seneta wake sasa hivi bila gharama yoyote, akikubali nabonyeza kitufe kimoja na simu yake inalia ofisini kwa seneta kule Lincoln, makao makuu ya jimbo letu, mimi nabaki kwenye laini kimya kuhakikisha amesema, halafu naweka alama. Msimamizi wetu, Deanne, ambaye si mtu mbaya, hutuambia kila Jumatatu, "Mshawishi wa kulipwa akimpigia seneta, seneta anaangalia saa. Mabibi arobaini wa jimboni kwake wakimpigia asubuhi moja, anakaa kitako."

Sasa mwaka jana mwezi wa pili tulipewa kazi ya muswada wa nyumba za kutunzia wazee, nami nilifurahi kwa sababu mama yetu yuko kwenye mojawapo, ana miaka themanini na saba. Maneno yalisema tunapiga kwa niaba ya Majirani wa Wazee Vijijini, na kwamba muswada ulioko Lincoln huenda ukafunga nyumba za wazee kwenye miji midogo. Nikaona jina Majirani nikajua ni watu kama sisi. Siku ya pili, namba ya ishirini na kitu, jina likatokea, nalo ni la dada yangu mkubwa, Arlys. Haturuhusiwi kuruka jina, nikaanza kusoma.

"Habari za asubuhi, napiga kwa niaba ya Majirani wa Wazee..."

"Wee! Si ni wewe, mdogo wangu? Mbona unaongea kama mtangazaji wa hali ya hewa?"

"Dada, simu hii inarekodiwa."

"Basi wanaorekodi na wasikie, bakuli langu la kioo ulilobebea viazi Sikukuu ya Shukrani hujarudisha mpaka leo."

Nikacheka, nikaendelea kusoma, na nilipofika penye kufungwa kwa nyumba za wazee Arlys akasahau bakuli.

"Wafunge pale kwa Mama? Tumpeleke wapi sasa? Haya ni ya kweli?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, dada."

"Sikuulizi ilivyoandikwa. Nakuuliza wewe."

Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Kama ni wewe unayesema, niunganishe." Nikabonyeza.

Mshauri, aliongea dakika nne, alilia, alimweleza yule binti wa ofisi ya seneta kwamba nyumba nyingine ya karibu iko maili sabini na wakati wa theluji barabara hufungwa, kwamba Mama akihamishwa atakufa kwa upweke, kwamba hajawahi kuiomba serikali chochote ila hicho. Deanne alitusikilizisha sote rekodi hiyo, akasema hiyo ndiyo inaitwa simu ya dhahabu, nikapewa mguu mzima wa nyama ya nguruwe ya Pasaka. Muswada ulikwama kwenye kamati. Seneta akamwandikia Arlys barua ya asante yenye saini ya wino kabisa, naye akaitia fremu akaitundika kati ya picha za ubatizo wa wajukuu, na kila mgeni lazima aisome kabla ya kupewa kahawa.

Basi ikapita, mpaka Jumapili ya pili ya Majilio, mwanzoni mwa Desemba. Nilitoka kanisani nikaenda kumwona Mama, nikakuta taa ya juu ya mlango wake inawaka, ile inayowaka mgonjwa akibonyeza kengele, nikamuuliza amebonyeza saa ngapi, akasema tangu baada ya chai ya asubuhi, na ilikuwa inakaribia saa saba mchana. Alikuwa amelowa. Nilipomgeuza nikaona vidonda vya kulalia, kimoja kikubwa kama mdomo wa kikombe. Akaja mhudumu, Imelda, mama wa watu, anahema, nami nikamfokea, Mungu anisamehe.

Akasema, "Mama, niko mmoja na upande huu una wazee thelathini na mmoja. Unataka nianze na yupi?"

Nikamwambia basi waajiri mwingine, akacheka bila furaha. "Ule muswada wa mwezi wa pili ulitaka wahudumu waongezwe, ungepita tungekuwa watatu kila zamu. Ndugu wa wazee hawa hawa ndio waliopiga simu kuukataa. Ninyi watu siwaelewi."

Kesho yake nikamuuliza Deanne hao Majirani ni akina nani hasa.

"Ni chama cha wenye hizo nyumba za wazee, mpenzi," akasema. "Wana washawishi wao Lincoln, na hao washawishi ndio wateja wetu. Kwani ulidhani ni akina bibi wa kufuma soksi?"

"Mbona hatuwaambii watu?"

"Hakuna anayeuliza."

Na kweli, Mshauri, miaka mitatu hakuna aliyeuliza, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Sasa muswada umerudi mwaka huu, kikao cha kusikiliza maoni ni Alhamisi ya tatu ya Februari, na hao Majirani wamemwandikia Arlys aje Lincoln aketi mbele ya kamati aseme mwenyewe, basi lipo, chakula cha mchana kipo, hata dakika tatu za maneno wamekwisha mwandikia. Alinipigia anapiga kelele, "Wananitaka bungeni, mimi niliyefeli historia! Nimenunua koti la bluu. Utakaa nami, mdogo wangu, nikisahau neno unifinye." Na Deanne ameniambia nimpigie wiki ijayo nimfanyishe mazoezi ya hiyo karatasi kwa simu, kwa kuwa ananiamini. Nikikataa nadhani sitakuwa na kazi, na bima ya afya ya mume wangu, ambaye moyo wake unasaidiwa na kifaa, inatoka kwenye kazi yangu.

Naomba kila asubuhi nipewe ishara. Nauliza, je, nilidanganya? Maana Deanne anasema kila neno lilipitiwa na mwanasheria, iliandikwa "huenda" tu, na huenda kweli nyumba nyingine zitafungwa, mimi sijui mambo hayo. Je, nimwache Arlys akaseme la moyoni mwake, kwa kuwa ni uhuru wake kusema, na mimi nimwombee? Au nimwambie, nipoteze kazi, na yeye pia nimpoteze? Nisaidie.

Ni mimi,
Niliyebonyeza Kitufe
Januari 26

JIBU

Dada yangu Uliyebonyeza Kitufe,

Pole kwa vidonda vya mama yako. Naanza na hapo kwa sababu hapo ndipo jambo lako lilipo, ingawa umeliweka katikati ya barua na mwisho umeniulizia habari za neno "huenda".

Swali lako la kwanza ni jepesi. Siku ile Arlys alipokudai bakuli, hukudanganya. Ulisoma usichokijua ukaamini, kama alivyoamini yeye. Ulipaswa kujiuliza kwa nini majirani maskini wana fedha za kuajiri watu kumi na tisa wapige simu kutwa, lakini uzembe wa namna hiyo tunao wengi na sitakuchapa kwa huo.

Tangu Imelda na Deanne walipokufumbua macho, habari ni nyingine. Majilio mpaka Januari 26 ni karibu wiki saba. Bila shaka umekula Krismasi na dada yako. Umesikia habari za koti la bluu na bado hukumwambia. Hayo hukuandikiwa na mtu kwenye skrini, ni yako.

Na tafadhali usiniletee neno uhuru. Mtu anayesema mbele ya kamati bila kujua nani amemwalika, kwa nini, na nani ameiandika karatasi iliyo mkononi mwake, huyo ametumwa bila kuambiwa kwamba ametumwa. Wewe unajua, na unafikiria kukaa pembeni umfinye akisahau neno! Nimelisoma hilo mara mbili.

Nimeishi mitaa miwili kutoka jengo la bunge la jimbo kwa miaka thelathini, kwa hiyo nisikilize kidogo. Washawishi nawaona kila kikao, wamesimama nje ya ukumbi, wanaandika vikaratasi vya kumwita seneta atoke wazungumze. Wakulima wana wao, walimu wana wao, wauguzi wana wao, na maaskofu pia. Sioni dhambi hapo. Mwenye shida ana haki ya kumtuma mtu amsemee. Lakini yule anayesimama pale amejiandikisha, jina lake na la anayemlipa liko kwenye daftari, na seneta anapomsikia anajua huyu ni wa nani, anapima maneno yake kwa kipimo hicho. Dada yako alipolia kwenye simu, seneta hakuwa na kipimo chochote. Alisikia binti wa mama mzee, basi. Machozi yalikuwa ya kweli, aliyeyaagiza hakuonekana. Ndiyo maana huitwa simu ya dhahabu.

Huenda wenye nyumba hizo wana hoja. Kupata wahudumu kwenye miji midogo ni kazi ngumu, na nyumba ikikosa watu hufungwa, hilo limewahi kutokea. Waje waseme wenyewe, kwa jina lao, waulizwe maswali. Wasimtume mtoto wa mgonjwa anayelowa kuwatetea walioacha kengele yake ilie bila mtu.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa Arlys mwenyewe, ana kwa ana, wala usimpigie, simu zimekwisha kuwaharibia vya kutosha. Nenda na muswada. Ofisi ya karani wa bunge itakupa nakala ukiomba, na ukiuliza watakuonyesha pia daftari la washawishi, nani anamlipa nani, ni wazi kwa kila mtu. Kwanza mweleze ulichofanya na ulichokuja kukijua. Kisha msome muswada wote pamoja, mezani, taratibu. Halafu nyamaza. Usimwambie aunge mkono wala apinge, umekwisha mwongoza mara moja na inatosha. Mpeleke akamgeuze Mama mwenyewe, aone. Akitaka bado kwenda kuupinga, aupinge, ni mtu mzima. Akitaka kuuunga mkono, mlangoni mwa chumba cha kikao kuna karatasi ya wanaotaka kusema, atajaza jina lake kama mtu yeyote. Ila aende kwa gari lenu, na mkate wenu, na maneno yatoke kinywani mwake. Kumtaja Imelda mbele ya watu ni marufuku, asije yeye akalipia ukweli wenu.

Kazini usibebe orodha wala rekodi, utajitafutia kesi bure. Mwambie Deanne sentensi moja tu, "Huyu ni dada yangu, simpigii." Kuhusu bima siwezi kukuahidi lolote, wala sitakutisha. Ukiachishwa kazi una siku sitini za kujiandikisha bima nyingine kwenye soko la bima la serikali, basi kaulizie gharama wiki hii, ukiwa bado una kazi, na mumeo akae nawe mnapopiga hesabu. Inawezekana itakuumiza. Mpaka leo aliyeumia ni mama yako peke yake.

Umeomba ishara kila asubuhi. Mama wa kanisani, taa ya juu ya mlango ilikuwa inawaka tangu chai. Ulitaka ishara ya namna gani zaidi?

Nimebadilisha majina yote. Jibu hili pia nimekutumia kwa posta wiki moja kabla ya kulichapa, ili umfikie Arlys kabla hajalisoma. Ikiwa unalisoma hapa gazetini na bado hujaenda, lifunge uwashe gari.

Arlys hatakuuliza habari za washawishi wala za kamati. Atakuuliza ulijua tangu lini. Mwambie tarehe.